Maombi ya Akiba

Jumatatu, 8 Septemba

Nimechoka. Nimetoka zamu ya usiku kiwandani, kule wanakonyausha majani, na nguo zangu zinanuka chai mbichi. Lakini kulala hakuna. Asubuhi yetu ikianza, kule Kanada ndiyo jioni ya jana inaisha na Yunia anatoka kazini. Hiyo ndiyo saa yetu ya kuongea.

Shida ni netiwaki. Huku kwetu bondeni, kwenye nyumba za wafanyakazi, simu ni tochi tu. Ili nimpate Yunia lazima nipande mlima wote hadi kwa Makori, kwa zizi lake la ng'ombe. Si karibu na zizi. Ndani. Kati ya ng'ombe na ukuta. Hapo ndipo Mungu aliiweka, kwa sababu zake.

Makori ni ndugu katika imani na kiongozi wa kwaya yetu hapa Kapsoit. Mkewe alifariki, kama wangu. Hana haya. Kila nikifika zizini anakuja kukamua. Ng'ombe gani huyo? Leo aliingiza kichwa mbele ya simu yangu, akamwamkia Yunia, akamwambia baridi ya Kanada imemfanya msichana. Yunia akacheka sana. Nilikuwa namsomea zaburi.

Niseme wazi, hapa tuko peke yetu. Nataka kumwoa Yunia. Yeye alizika mume, mimi nikazika mke, tumelia vya kutosha. Wazee wangu wako tayari kwenda kwa kaka yake, Arasa, kule Kaplong, kuzungumza mambo ya mahari. Arasa amekataa kuwafungulia mlango mpaka dada yake mwenyewe aseme ndiyo. Yunia anasema bado anaomba.

Na Makori naye anaomba. Nimemwona. Anaomba akitazama Kanada.

Jumanne, 9 Septemba

Habari mbaya. Mama Nyabate, mama yake Yunia, amelazwa hospitali ya misheni. Kifua. Yunia alilia mpaka picha ikakwama, uso wake umekunjamana hivyo hivyo. Nilisubiri ifunguke, nikabaki nimeshika ukuta wa zizi kama mtu wa basi.

Na kulia kwake kumenikumbusha tatizo lingine. Sabato.

Sisi ni Waadventista wa kweli, mimi na yeye. Jua la Ijumaa likizama sigusi simu. Yeye pia hagusi. Lakini jua la Kanada halina haraka! Langu likizama Ijumaa jioni, lake bado linapanda. Lake likizama, kwangu ni alfajiri ya Jumamosi. Yangu ikiisha, yake iko katikati. Kwa hivyo kila wiki tunashika Sabato mbili, moja juu ya nyingine kama mablanketi, na mpaka Jumapili alfajiri hakuna neno.

Mchumba gani huyo, wa kunyamaziwa hivyo? Na mama mgonjwa?

Makori anasema yeye humtumia Yunia wimbo hata Sabato, kwa sababu wimbo si kazi. Nikamwambia kubonyeza ni kazi. Akasema inategemea kidole. Huyo ndiye anaongoza kwaya!

Jumatano, 10 Septemba

Wazo! Limenijia kiwandani, nikigeuza majani. Nilikaribia kulia kwa furaha, msimamizi akadhani ni vumbi.

Sitasubiri Sabato iishe. Nitarekodi maombi mapema, na simu itayatuma yenyewe, saa ileile jua la Kanada linapozama. Yunia kabla hajaweka simu yake chini atasikia sauti yangu ikimfungulia Sabato. Mimi nitakuwa kitandani, sijabonyeza kitu. Mtakatifu kabisa.

Nilimuuliza pasta kwa mbali, bila kutaja mambo. Nikasema, pasta, mtu akimwagiza punda wake Alhamisi, na punda akaenda mwenyewe Jumamosi, nani amevunja Sabato? Pasta akaniangalia sana. Akasema amri inamkataza hata mnyama kufanya kazi. Halafu akauliza kama nimenunua punda.

Lakini simu haikutajwa. Nimeisoma amri yote mara nyingi. Punda yumo. Simu haimo.

Nikaenda Litein kwa Edinah, msichana anayetengeneza simu pale sokoni. Ananiita guka ingawa nimemwambia mimi si Mkikuyu na sijazeeka. Akaweka kitu ndani ya simu, akanionyesha: unarekodi, unachagua siku na saa, unaiacha. Bora iwe mahali penye netiwaki. Nikamuuliza kama simu itajua wakati wa kutuma na wakati wa kunyamaza. Edinah akasema, guka, hiyo inatuma tu. Haifikirii.

Nikamwambia kufikiri ni kazi yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimerekodi. Kazi nzito.

Kwanza nyumbani. Haikufaa. Ukuta wa mabati, na jirani ana redio ya mpira. Nikaenda katikati ya chai, mahali pametulia. Nikafunga macho nikaomba vizuri sana, shukrani tupu: Mungu amemwinua Mama Nyabate, amerudi nyumbani, anakunywa uji.

Halafu nikafikiri. Na kama hatainuka? Yunia alisema jana madaktari wanatikisa vichwa. Itakuwaje simu yangu imshukuru Mungu kwa uji, na mama amelala mochari? Hapo Yunia sitamwona tena, hata kwa picha iliyokwama.

Kwa hivyo nikarekodi ya pili. Ya akiba. Ya maombolezo. Niliomba kutoka chini ya moyo, nikamwaga Mama Nyabate wote: ukarimu wake, mkono wake usio mfupi, chai yake isiyo na maji mengi, jinsi alivyolala kwa amani nyumbani kwake jioni hii. Machozi yalinitoka ya kweli. Nikafungua macho nikakuta wanawake wanaochuna wamesimama na vikapu mgongoni, wamevua kofia. Mmoja, Priscah, mama Mkipsigis anayejuana nami na Yunia, akaniuliza pole pole ni nani amefariki.

Nikasema bado.

Wakaondoka bila kugeuka nyuma.

Zote mbili zimepangwa ziende saa ileile. Kesho nikijua hali ya mama nitafuta ile isiyotakiwa. Rahisi. Hata Sulemani hangepanga vizuri zaidi.

Ijumaa, 12 Septemba

Asubuhi furaha! Yunia anasema mama ametolewa hospitali, yuko nyumbani Kaplong, ameagiza ndizi. Tuliimba pamoja zizini. Makori akaimba besi, hakuna aliyemwita.

Nilitaka kufuta yale maombolezo palepale. Lakini Yunia alikuwa bado anaongea, halafu chaji ikaisha. Nikateremka, nikaweka simu chaji, nikasema nalala kidogo tu. Kidogo! Mwili wa zamu ya usiku haujui kidogo. Nilipoamka mvua ya mawe ilikuwa inapiga mabati na chumba kimeingia giza.

Nikakimbia mlima. Viatu vikanasa kwenye matope, kimoja nikakiacha. Jua sikuliona, wingu lilikuwa limelala juu ya chai yote. Limezama? Bado? Kufika zizini nikamkuta Makori amesimama mlangoni na suti yake ya kwaya, mwavuli mkononi, mkavu kama Biblia. Akaniambia kwa sauti ya mtu anayehubiri, ndugu Onchiri, jua linaenda na wewe bado unabonyeza?

Nikabonyeza haraka. Kwenye simu kulikuwa na sauti mbili, zote ndefu, zote zinaanza Bwana Mungu wa rehema. Kuzisikiliza zote nisingeweza, na Makori sikio lake limenyooka. Nikaomba kimoyomoyo. Nikachagua moja. Nikafuta.

Nina amani. Nilihisi kidole changu kinaongozwa.

Makori alipotangulia kanisani niliifunga simu kwenye mfuko wa plastiki, nikaiweka juu ya boriti ya zizi, penye netiwaki nzuri. Ng'ombe aliniangalia. Ng'ombe hasemi.

Naacha kuandika. Sabato imeingia, au iliingia zamani.

Jumamosi, 13 Septemba, jua limeshazama

Nitaandika kwa mpango.

Asubuhi nilienda kanisani na moyo mweupe. Nilikuwa nikijiambia, saa hii Yunia amelala amebarikiwa na sauti yangu. Tulikuwa katikati ya mafundisho, mlango ukafunguliwa, akaingia Priscah. Priscah hasali kwetu. Alikuwa na buti za chai na aproni. Akaenda moja kwa moja kwa mzee wa kanisa, akamnong'oneza. Mzee akasimama, akakunja miwani. Akasema wapendwa, dada yetu Yunia amepiga simu kutoka Kanada akilia. Amewatafuta ndugu zake wote, simu zote zimezimwa kwa ajili ya Sabato. Ndipo akampigia mama huyu. Mama Nyabate ametutoka jana jioni.

Kanisa likaguna.

Na mimi nikafanya nini? Niliamini! Nilimwamini mzee wa kanisa kama kila mtu. Nikasimama nikashika kichwa. Ndani kabisa, Mungu anisamehe, nikafikiri: bahati nzuri nilikuwa na ya akiba. Halafu nikakumbuka nimefuta moja, na nikaingiwa na hofu kwamba Yunia, mama amekufa, amepata ile ya uji. Hapo ndipo nilianza kulia kwa nguvu. Watu wakasema tazama mapenzi.

Tukajaa kwenye kanta, lori dogo la mzee wa kanisa, kwaya na mashemasi, tukaenda Kaplong. Priscah pia alipanda. Njiani alikuwa ananiangalia sana. Mwishowe akaniuliza kama mimi ni nabii.

Tulipofika kwenye kijia cha kwa Mama Nyabate, Makori akapanga kwaya kwa sauti nne. Wanawake wakaanza kulia kama kwetu tunavyolia, mikono kichwani, wakimwita mama kwa majina ya watoto wake. Mimi nilitangulia mbele. Kama mkwe. Nilianguka magotini kwenye mlango na nikalia nikisema, Mama, umetuacha, nani atatupikia chai?

Mlango ukafunguka. Akatoka Mama Nyabate na fimbo, blanketi begani, ndizi mkononi. Akauliza ni nani amekufa.

Kwaya ikakatika. Makori peke yake aliendelea kuimba kidogo, alikuwa amefunga macho.

Mama akauliza tena. Mzee mmoja wa jirani akasema kwa heshima, Mama, ni wewe.

Mama Nyabate akasema, basi mbona sijaambiwa?

Arasa akafika akikimbia kutoka kanisani kwao, koti mkononi. Alipoona hali akasema ng'ombe akianguka shimoni hutolewa hata Sabato, akawasha simu, akampigia Yunia, akaweka sauti kubwa. Mama akaongea. Kule ng'ambo kukawa na mayowe, halafu kimya, halafu mayowe mengine. Arasa akauliza, dada, ni mjinga gani alikuambia?

Sauti ya Yunia ikatoka wazi mbele ya kwaya yote. Ikasema, ni Onchiri. Kwa sauti yake mwenyewe. Ameniombea maombolezo.

Wote wakageuka. Nilikuwa bado magotini. Machozi hayakuwa yamekauka.

Jumapili, 14 Septemba

Sijalala. Tumeitwa Kaplong tena.

Kumlilia mtu hai si jambo dogo. Wazee wa ukoo wakasema kama mama ameliliwa akiwa hai, lazima damu ya mbuzi imwagike ili kifo kisirudi kufuata njia ambayo kimeonyeshwa. Wazee wa kanisa wakasema hapana, hizo ni mila za giza, maombi yanatosha. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mama Nyabate akagonga fimbo. Akasema leteni maombi, na mbuzi msimrudishe.

Arasa alinipeleka kando nyuma ya ghala la mahindi. Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliniambia, bwana Onchiri, dada yangu anaosha wazee wa watu huko, usiku ule aliitwa kazini akaosha mwanamke wa miaka ya mama yetu huku akiamini mama yetu yuko mochari. Akaniuliza kama ninajua hiyo ni kazi gani. Nilitazama mahindi.

Makori akafika na simu yangu. Aliikuta juu ya boriti. Ilikuwa imelia mpaka ng'ombe amekataa kutoa maziwa. Akaiweka mezani mbele ya watu wote, kwa upole, kama shahidi. Arasa akasema basi tusikie.

Wakacheza maombi yangu yote. Niliangalia miguu yangu. Kila neno! Ukarimu, mkono usio mfupi, chai isiyo na maji mengi. Nilingoja watu wanipige.

Mama Nyabate alikuwa amefunga macho. Ilipoisha akasema iwekwe tena. Ikawekwa tena. Akasema kwamba ana wana wakubwa na hakuna hata mmoja amewahi kusema neno juu ya chai yake. Arasa akakohoa. Halafu mama akasema ana lawama moja. Pale niliposema amelala kwa amani ni uongo. Hajalala kwa amani tangu Arasa anunue lile jenereta.

Makori akasema yeye pia angeweza kutunga kitu. Mama akamwambia atunge akiwa kwake.

Jumatatu, 15 Septemba

Yunia alinipata zizini. Nilipanda mlima na magoti yote yakiniuma. Makori hakukamua leo. Labda amechoka pia.

Nilijiandaa kwa kelele. Hakuna kelele. Uso wake ulikuwa mdogo kwenye simu, bado na kofia ya kazi. Aliniambia kwamba usiku ule alitembea kwenye barabara yenye taa nyingi na hakuwa na mtu hata mmoja wa kumshika mkono. Akasema hicho ndicho kitu cha simu: inakuletea kifo mpaka kitandani, halafu haina mkono.

Nikasema nisamehe. Nikaanza kueleza mambo ya jua na Edinah na punda. Akasema nyamaza kwanza, Onchiri. Tulikaa hivyo tukiangaliana, ng'ombe akitafuna pembeni yangu. Ni kweli ninampenda. Hata akiwa amekasirika anakunja kitambaa cha meza akiongea, kama watu wa kwetu.

Akasema mama amemwambia maneno mazuri juu yangu, na hajui kama acheke. Akasema amechoka kuombewa na mashine. Anataka sauti ya mtu aliye macho, hata kama ni ya kusema tu mvua imenyesha. Akasema atafikiri Jumanne, na Jumatano tukiongea atanipa jibu. Kama ni ndiyo, atamwambia Arasa mwenyewe afungue mlango. Kama ni hapana, nisimtafute tena.

Nikaapa. Hakuna tena mashine, hakuna tena mipango. Nikafuta kile kitu cha Edinah mbele yake, akiona.

Jumatano, 17 Septemba

Leo sikuenda kitandani, sikuenda popote. Kutoka kiwandani moja kwa moja mlimani. Nilinawa uso kwenye ndoo ya maziwa ya Makori. Nilivaa shati lililopigwa pasi chini ya koti la kazi.

Yunia akapokea. Alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa, taa ya njano nyuma yake, macho mekundu. Alifanya kazi zamu mbili kwa sababu mwenzake aliumwa. Nilimwambia mvua imenyesha. Akatabasamu. Nikamwambia majani ni mengi wiki hii, nikamwambia kunguru ameiba sabuni ya Priscah, yote bila mpango, kama alivyotaka. Akasema hiyo ndiyo sauti.

Halafu akakaa sawa. Akasema, Onchiri, nimeomba. Jibu langu ni...

Nilishika boriti.

Kichwa chake kikaenda pembeni pole pole. Kofia ikateleza. Amelala! Mdomo wazi, kiganja bado kinashika simu, naona pua yake na dari. Niliita jina lake kidogo tu. Halafu nikaacha. Nilimwonea huruma. Nikabaki nimesimama nikisikiliza akipumua, mpaka Makori alipokuja na ndoo, nami nikaweka kidole mdomoni, naye kwa mara ya kwanza akaheshimu.

Picha ikazimika yenyewe.

Nimeketi kwenye jiwe nje ya zizi. Nimefikiri sana, bila haraka. Mwanamke halali mbele ya mwanamume asiyemwamini. Na kama lingekuwa hapana angelisema haraka, hapana ni neno fupi. Ndiyo ndiyo humfanya mtu alegee. Tena alitabasamu kabla. Jibu limeshatoka, sauti tu ndiyo haikutoka.

Na kumwamsha mtu aliyechoka hivyo ili arudie ni ukatili.

Kwa hivyo nimempigia Arasa. Nimemwambia dada yake amekubali, tumelimaliza asubuhi hii, wazee wangu wanakuja Jumapili. Arasa akaniita shemeji. Shemeji! Akasema anawaambia ukoo sasa hivi, na mama amesikia, anapiga vigelegele. Makori ameweka ndoo chini akaenda ndani.

Simu inalia. Ni Yunia, ameamka.

Sitapokea kwanza. Wacha Arasa amalize kuwaambia watu.